Kimya Kwenye Kona ya Bukova

Topolje, 6 Oktoba 1923

Andrija, mume wangu,

Nimeliweka neno "mume" juu kabisa ya karatasi kwa sababu napenda kulitazama. Jana nililiandika pembeni mwa gazeti lote, mama yako akaniuliza kama nimeanza kujifunza kuandika upya. Mwache acheke. Sijawahi kuwa na mume, acha nilichezee neno langu.

Nimepanga matunda ya dunja juu ya kabati ili nguo zako zinukie utakaporudi, halafu nikajuta, maana yamefukuza harufu yako, ya makaa na sabuni. Nimelipiga pasi shati lako jeupe ingawa lilikuwa limenyooka. Nimezungumza na koti lako. Usimwambie mtu.

Najua wamekuhamishia ng'ambo ya mto Sava kwa sababu huko milimani madereva ni wachache, na kwamba siku hizi reli zote ni za ufalme mmoja, zetu za zamani za Wahungari na zao za Waserbia. Ufalme mzima, na ukakosa dereva mwingine wa kuchukua ila yule aliyeoa juzi.

Sasa sikiliza sharti langu. Niandikie kila Jumamosi, hata mstari mmoja. Mama anasema marehemu baba yako hakuwahi kumwandikia hata mara moja, na kwamba katika nyumba ya mtu wa injini kimya ni habari njema, kwa kuwa habari mbaya huletwa na mkuu wa stesheni mwenyewe. Mimi siwezi hivyo, mpenzi. Ukinyamaza nitakuona chini ya magurudumu hata nikifumba macho.

Wako, wako, wako,
Jelka


Jasenje, 13 Oktoba 1923

Jelka wangu,

Leo ni Jumamosi, nimetii. Nimepata chumba kwa mjane mmoja anayepika maharage kila siku na kuyaita majina tofauti. Mtia makaa wangu anaitwa Radoje. Ni mkubwa kama mlango, na anatucheka sisi watu wa tambarare eti hatujui breki ni kitu gani kwa sababu nchi yetu imelala. Nimempenda.

Kuna jambo moja la kuchekesha. Unajua kwamba dereva hukaa kulia, na reli ikipinda kushoto tumbo la injini huniziba, siuoni mkono wa ishara, ule wa nguzoni unaosema pita au simama. Anayeuona ni mtia makaa. Kwetu, toka enzi za baba, mtia makaa hupiga kelele pale tu ishara inapokuwa imefungwa. Akinyamaza, dereva anapita. Huku ni kinyume. Mtia makaa hupiga kelele ishara ikiwa wazi, na akinyamaza, dereva anasimama. Basi ninyi wake mlio nyumbani hebu tuamulieni, kimya cha Radoje nikichukue vipi?

Huko Belgrade kuna kamati inayotunga kanuni moja kwa reli zote. Wakati tunaingoja, waraka unasema kila mtu afuate kanuni aliyofanyia mtihani. Radoje ameubandika juu ya meza ya chakula, anasema ni kichekesho kizuri kuliko vyote vya mwaka huu.

Nakubusu,
Andrija


Topolje, 19 Oktoba 1923

Andrija,

Mimi sikucheka. Niliisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni, nikaisoma tena nikiwa nimekaa, kisha nikampelekea mama jikoni. Alisoma huku akikanda unga, akairudisha na alama za vidole vyake. Alisema tu kwamba unene wa Radoje ni dalili ya mtu mwema.

Mimi si mtu wa reli, nilisoma sekondari ya wasichana tu na hesabu zilinishinda, lakini hili nalielewa. Mtu mmoja akinyamaza anamaanisha simama. Mwenzake anasikia pita. Na waraka unasema wote wawili wana haki! Andrija, mpenzi, mtakuwa na haki wote wawili na mtakufa wote wawili.

Nimewaza siku tatu na hili ndilo lililonijia. Patana na Radoje, ninyi wawili tu. Apige kelele ishara ikifungwa na apige kelele ikiwa wazi. Asinyamaze kamwe. Aimbe kama anataka.

Naogopa sana. Sikujua kwamba kumpenda mtu kunafanana hivi na kuumwa. Kila treni ikipiga filimbi hapa Topolje mkono wangu unaacha kazi uliyokuwa ukiifanya, na mama ananiangalia kwa pembe ya jicho na kuendelea na kazi yake. Sijui moyo wake umetengenezwa na nini.

Wako anayetetemeka na kukupenda,
Jelka


Jasenje, 10 Novemba 1923

Mke wangu mwerevu,

Tulifanya kama ulivyosema hata kabla barua yako haijafika. Radoje alikuwa akiita yote mawili, na mimi nikiyarudia, tulikuwa kama makasuku wawili katika tundu la moto. Alhamisi ilikuwa siku ya mtakatifu wa ukoo wake, akanialika, nikala ngano yao ya baraka na nikanywa rakija, pombe yao kali, nyingi kidogo. Mama yake alinikalisha karibu na mshumaa na kuniita mwanangu.

Lakini jana mkaguzi alipanda nasi, akasikia makelele yetu, akatukataza. Anasema tukijitungia kanuni za wawili wawili, siku nikibadilishiwa mtia makaa hakuna atakayejua nani anasema nini. Kwa kweli siwezi kusema amekosea. Tukaambiwa tufuate waraka.

Habari njema ni kwamba kamati imemaliza. Kuanzia tarehe mosi Desemba kanuni ni moja, kutoka Slovenia hadi mpaka wa Wagiriki, na wamechukua ile ya huku: kimya ni simama. Kwa hiyo Radoje habadilishi kitu na mimi nabadilisha kila kitu. Nilikasirika kidogo kwa ajili ya baba. Alipita na kimya maisha yake yote akafia kitandani.

Usiwe na hofu. Zimebaki wiki chache.

Andrija


Topolje, 14 Novemba 1923

Mpenzi wangu,

Leo nimecheza. Mama alikuwa sokoni, nikafunga mlango nikacheza peke yangu na ufagio, kwa ajili ya tarehe mosi. Nimekupakia kulen, ile soseji nyekundu ya mjomba, umkatie na Radoje. Mwambie akiwa mzuri kwako nitamtafutia mchumba huku, kuna msichana mmoja mnene anayecheka kama yeye.

Jelka wako


Jasenje, 17 Novemba 1923

Jelka,

Hakuna jipya. Kazi ni ile ile. Kulen imefika, asante.

Andrija


Jasenje, 21 Novemba 1923

Shemeji Jelka,

Hunijui ila kwa soseji yako, ambayo nimeila zaidi ya nusu kwa kuwa mumeo hali. Ndiyo maana naandika. Aliniambia nisikuandikie. Mimi namtii kwenye injini tu, nikishashuka simtii mtu isipokuwa mama yangu.

Alhamisi iliyopita, kwenye kona ya Bukova, mvuke uliruka ukanifunika uso mzima. Sikuuona mkono wa ishara. Nilinyamaza, maana kwetu nikiwa sijaona nanyamaza na dereva anasimama. Tangu nikiwa kijana nimenyamaza hivyo mara ngapi, wakasimama, tukaangalia, tukaendelea, tukasahau. Yeye alisikia kimya, akaongeza mvuke. Niliuona mkono wake ukienda na sikuelewa. Shemeji, mimi nilikuwa nimeshamwambia simama, kwa lugha yangu yote.

Mbele kulikuwa na treni ya abiria imesimama. Tulipotoka kwenye kona niliona taa yake nyekundu ya nyuma, na dirishani mwanamke anakula zabibu. Andrija alivuta breki kwa mikono miwili na mguu. Tulisimama karibu nao kiasi kwamba yule mwanamke aliacha kutafuna. Hatukugusana. Hakuna aliyeumia. Ripoti inasema dereva alifuata kanuni yake na mtia makaa alifuata kanuni yake, na wote wawili turudi kazini.

Tangu siku hiyo anaendesha vizuri kuliko mtu yeyote na ardhini hawezi kushika kijiko. Anakuandikia kwamba hakuna jipya. Nimemwambia kwamba wewe si mtoto. Akanijibu kwamba kwao ukinyamaza watu wa nyumbani wanalala usingizi. Nikamwambia, ndugu yangu, unaona kimya chenu kilikotufikisha.

Samahani kwa mwandiko, vidole vyangu vimezoea koleo. Huyo msichana mnene anaitwa nani?

Radoje


Topolje, 26 Novemba 1923

Andrija,

Nimejua. Usimgombeze Radoje, ukimgombeza nitakasirika kweli, na hujawahi kuniona nikikasirika kweli, tumeoana juzi tu.

Uliniandikia "hakuna jipya" siku mbili baada ya jambo lile. Niliisoma barua hiyo nikaibusu. Niliibusu, Andrija! Nikalala nayo chini ya mto nikiwa na furaha, na wewe huko umekaa mbele ya sahani huwezi kuinua kijiko. Sitaki furaha ya namna hiyo. Nataka hofu yako nusu kwa nusu, kama mkate. Tuliapa mbele ya padri, na sikumbuki akisema raha tu.

Nimemwambia mama kwamba nakuja, naye hakunikataza wala hakuniruhusu, alikwenda kulisha bata. Jumamosi tarehe mosi nitafika kwenye njia panda ya reli asubuhi na kupanda treni yako ya kwenda Jasenje. Kama siku hiyo ni ya hatari, nitakuwa nyuma yako. Siwezi kuikaa siku hiyo hapa, nikisikiliza filimbi za watu wengine.

Naogopa mpaka nimefuta mstari huu mara mbili. Nakupenda mpaka nimesahau kuweka wino.

Jelka


Jasenje, 29 Novemba 1923

Jelka, mpenzi, usije.

Nakuomba, nakuamuru kama nina haki hiyo, usipande treni yoyote tarehe mosi wala wiki ile. Si mimi peke yangu. Kila dereva wa kwetu ataamka siku hiyo na kitabu kipya kichwani na mkono wa zamani begani. Kichwa kimejifunza kwa siku moja. Mkono bado.

Radoje ananifundisha. Tunatembea barabarani, yeye mbele na mimi nyuma nikiinamisha uso, akisema "wazi" natembea, akinyamaza natakiwa nisimame papo hapo. Watu wa Jasenje wanatoka nje kutuangalia, watu wazima wawili. Mwanzoni kila alipofunga mdomo nilimgonga mgongoni. Jana nilimgonga mara moja tu. Mara moja, Jelka. Kwenye reli mara moja inatosha.

Ulitaka ukweli, ndio huu. Naogopa kona ya Bukova kuliko nilivyoogopa kitu chochote vitani. Nikijua uko nyuma yangu nitakufikiria wewe, na nikikufikiria wewe sitasikia kwamba hakuna sauti. Kaa nyumbani. Sitanyamaza tena, naapa.

Andrija


Jasenje, 2 Desemba 1923

Mama mpendwa,

Barua ya Andrija ya kunikataza bila shaka imekufikia wewe, maana niliondoka kabla yake. Amenieleza yote yaliyomo. Ifungue uisome, haina siri kwako.

Tumefika salama. Nalitanguliza hilo ingawa mtu anayeandika vizuri angelificha mpaka mwisho. Sasa nakueleza.

Kwenye njia panda kulikuwa na watu wengi na ukungu kama maziwa. Nilijua atanitafuta kwa macho, nikajitanda shali mpaka puani nikapanda behewa la mwisho, daraja la tatu, ili mkono wake usitetemeke kwa ajili yangu. Nilikaa kati ya mfanyabiashara mwenye bata mzinga ndani ya kikapu na bibi mmoja aliyelala. Nilishika rozari mfukoni. Mama, sikusali hata neno. Nilikuwa nasikiliza tu. Kutoka behewa la mwisho huwezi kumsikia mtia makaa, nilijua hivyo, na bado nilisikiliza kama mbwa mlangoni.

Sikujua Bukova ni wapi. Niliijua reli ilipoanza kupinda na mwili wangu kuegemea kikapu cha bata. Nikawaza, sasa. Sasa Radoje anaangalia. Sasa ama anasema ama hasemi. Na treni iliendelea, mama, ikaendelea kwa muda ambao siwezi kuueleza, na mimi nikaanza kuwaona watu wote wa behewa lile wakiwa wamekufa, yule bibi, yule bata.

Halafu breki. Si za kutupa watu chini, ni breki za mtu aliyeamua. Tukasimama katikati ya ukungu, pasipo stesheni, pasipo kitu.

Mfanyabiashara alifungua dirisha akaanza kutukana. Dereva amelala, dereva mlevi, ndio hawa wametuletea kutoka tambarare. Watu wakamuunga mkono. Nilisimama nikamwambia kwamba dereva ni mume wangu na kwamba anajua anachokifanya, na sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Akaniuliza basi mumeo anafanya nini huko? Nikamwambia anasimama.

Nikateremka. Gadi alinipigia kelele nirudi ndani, nikakimbia juu ya kokoto kando ya mabehewa yote mpaka kwenye injini. Radoje hakuwepo, alikuwa ametumwa mbele kwa miguu kuitazama ishara kwa karibu. Andrija alikuwa amesimama peke yake, mkono mmoja kwenye breki, kichwa kimeelekea nje upande wa kushoto, upande wa Radoje, uso umelowa. Aliniona. Nilidhani atapiga kelele au atashuka kunikumbatia, na kusema kweli nilikuwa nimekwisha kunyoosha mikono.

Akasema taratibu, bila kugeuza kichwa, "Jelka, panda au simama hapo, lakini usinisemeshe. Namsikiliza Radoje."

Nikanyamaza. Mimi, mama, unanijua. Nilisimama chini ya lile gurudumu refu kuliko mimi nikaufunga mdomo wangu. Injini ilikuwa inapumua. Hatukutazamana, tulitazama ukungu wote wawili. Sijawahi kuwa karibu na mtu hivyo, hata siku ya harusi, na hunisikii nikisema mambo haya hovyo.

Muda ulipita, kisha sauti ikatoka huko mbele, nene, haina mwili.

"Wazi!"

"Wazi," Andrija akajibu.

Ilikuwa wazi muda wote. Hapakuwa na treni mbele wala hatari yoyote, Radoje hakuiona kwa ukungu tu. Tulichelewa, mfanyabiashara ameandika malalamiko, na Radoje amemwambia ataje na jina la bata. Andrija alipomaliza kazi alikaa kwenye ngazi za nyumba ya mjane akalia, kisha akala mabakuli mawili ya maharage.

Nitabaki huku. Tafadhali tutumie lile blanketi zito na sufuria yangu ndogo. Asubuhi hii wameondoka tena. Ukungu haujainuka. Kanuni mpya ni nzuri, kila mtu anasema hivyo, hata mfanyabiashara labda, lakini jana ilikuwa siku moja, na kuna madereva wengi walioamka leo na mkono wa zamani. Nimekaa dirishani na mikono yangu haifanyi kitu. Ningeweza kungoja Andrija arudi ndipo nimalizie barua kwa furaha. Sitaki. Nataka itoke kwangu hivi hivi, nikiwa sijui.

Kwa sababu kuna jambo nataka kukuuliza, na nikiwa na furaha sitathubutu. Miaka yote ile baba alipokuwa haandiki, na wewe ukikanda unga na kulisha bata na kumwambia kila mtu kwamba kimya ni habari njema, ulikuwa huogopi kweli?

Mwanao,
Jelka


Topolje, 6 Desemba 1923

Jelka mwanangu,

Blanketi linakuja na gadi wa treni ya Jumatano, sufuria iko ndani yake, na ndani ya sufuria kuna mafuta ya nguruwe, uangalie usiligeuze. Barua ya Andrija niliisoma. Dunja zako zimeanza kuoza kwa chini, nimezipika jamu. Yule msichana mnene anaitwa Manda, mwambie Radoje baba yake ni mkali.

Nilikuwa naogopa kila siku. Nilikuwa nikienda kwa bata ili nisionekane. Baba yake Andrija hakuwahi kuniuliza.

Niandikie Jumamosi.

Marta